Kigaga cha sikioni kisichopona: je, kisu hueneza saratani?

Swali: Assalaam alaykum, daktari. Mdogo wangu wa kiume mwenye ualbino, umri wake miaka 26, hufanya kazi katika boti ya abiria baina ya Mokowe na Lamu. Ana kigaga kwenye ukingo wa juu wa sikio kwa miezi mitano sasa. Kikibanduka hutoka damu, kisha hurudi. Amepaka dawa ya fangasi na kubandika majani bila ya nafuu. Kliniki wanataka akatwe kinyama kikapimwe, lakini baba amekataa akisema kansa ikiguswa na kisu husambaa, na mama ataka tungoje Maulidi yapite. Je, ni kweli?

Jibu: Waalaykum salaam. Si kweli, ingawa dhana hiyo haikuzuka bure, na baba aelezwe kwa upole. Wako wagonjwa wanaofika hospitali uvimbe wa saratani ukiwa umekwisha kuingia kwenye tezi za shingo. Hupasuliwa, na baada ya miezi michache hufariki, na walio nyuma hukikumbuka kisu, wasiukumbuke mwaka mzima uliopotea kabla yake.

Kwa mwenye ualbino, kigaga kilichokaa zaidi ya wiki 4 mahali panapopigwa na jua hudhaniwa kuwa saratani ya seli bapa, ianziayo kwenye tabaka la juu la ngozi, mpaka maabara iseme vingine. Hiyo ndiyo saratani ya ngozi inayowapata zaidi watu wenye ualbino barani Afrika, kwa kuwa ngozi yao ina melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, kidogo mno ya kuzuia miale ya jua; naye ashindaye botini hupigwa na jua la juu pamoja na mwako unaorudishwa na maji. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba saratani ya sikio na ya mdomo huwahi kwenye tezi kuliko ile ya mkono.

Kipimo chenyewe ni kidogo kuliko kinavyohofiwa. Hupigwa sindano ya ganzi, kikachukuliwa kipande cha upana wa milimita 3 au 4, aghalabu penye ukingo wa kidonda kwa sababu katikati huwa nyama iliyokufa, kikawekwa ndani ya chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Daktari pia apapase tezi za chini ya sikio na za shingo. Nakuomba usimamie jambo moja, nalo ni kuyafuata majibu: nimeona zaidi ya mara moja jeraha la kipimo likipona, mgonjwa akadhani ametibiwa, karatasi ya majibu ikabaki kabatini.

Saratani ikithibitika, tiba ya kwanza ni kuukata uvimbe pamoja na ukanda wa ngozi yenye afya unaouzunguka, upana wa milimita 4 hadi 6 kwa uvimbe mdogo usio wa hatari, na zaidi kwa uliopita sentimita 2 au uliozama. Sikioni huenda akapoteza sehemu ya gegedu, na ni haki yake kuambiwa mapema. Nyama iliyokatwa nayo hupimwa, na kingo zake zikionekana bado zina ugonjwa, hukatwa tena. Mionzi hutumika pasipowezekana upasuaji, au baada yake ikiwa mishipa ya fahamu au tezi zimeshaingiliwa. Krimu ya fluorouracil, dawa ya kuua seli mbovu, na naitrojeni ya maji, yaani hewa iliyopozwa mno ya kugandishia ngozi, hufaa kwa vipele vikavu vinavyokwaruza kama msasa, ambavyo bado si saratani. Saratani iliyozama haitibiki kwa kupakwa juu.

Baadaye arudi kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 2 ya mwanzo, kwani uvimbe unaorudi aghalabu hurudi katika muda huo. Kisha ngozi yake yote itazamwe angalau mara mbili kwa mwaka, maisha yake yote. Losheni ya kukinga jua ya kiwango cha 30 au zaidi aipake kila saa 2. Kofia ya kiua, kwa uzuri wake wote, haifuniki sikio. Botini avae pama ya ukili, yaani kofia yenye ukingo mpana, na shati la mikono mirefu.

Wengine nyumbani wenye ngozi nyeusi hawahitaji uchunguzi kama huu, ila kovu la moto au kidonda ndugu cha miaka mingi kikianza kuinuka kingo, kipimwe vivyo hivyo.

Ama kungoja Maulidi yapite, sishauri. Miezi mitano imeshapotea, na siku ya kipimo atarudi nyumbani kabla ya alasiri.