Boga la jirani

Mhariri, wiki hii mmewauliza wasomaji walio ughaibuni: "Ni raha gani ndogo ya vuli unayoisubiri mwaka mzima: pambo la nyumba, rangi, chakula au safari?" Nimelisoma swali usiku nikiwa zamu, wazee ninaowatunza kazini wote wameshalala, likanichoma. Kwanza hilo neno. Najua kamusi inaliruhusu kwa msimu huu wa majani kupukutika, lakini mtu wa Muheza ukimtajia vuli anatazama mawingu. Vuli ni mvua ya Oktoba, watu wako shamba wanapanda mahindi. Hapa Lowell, Massachusetts, Oktoba hiyohiyo ndiyo kila kitu kinakauka, kisha watu wanakitundika kilichokauka mlangoni.

Raha ya kuisubiri sina. Ninayo moja niliyoikataa miaka mingi, na sababu ni mama yangu.

Mama alikuja mwisho wa Septemba 2016, nilipojifungua binti yangu, anitunze mpaka arobaini iishe. Aliiacha vuli yake nyuma, na kila siku ilikuwa lazima kaka apigiwe simu aulizwe kama imenyesha. Oktoba ilipokolea mtaa wetu ukabadilika: maboga kwenye ngazi za kila nyumba, mabua ya mahindi yamefungwa kwenye nguzo za baraza. Mama akasimama dirishani na mtoto begani.

"Hawa wana ng'ombe?"

Hawana, nikamwambia.

"Sasa mabua ya nini?"

"Pambo, mama."

Akanyamaza kidogo. "Wanayanunua?"

Nikasema wanayanunua. Bei sikumtajia.

Jirani yetu wa mkono wa kulia ni bibi mmoja Mzungu, anaishi peke yake. Yeye alikuwa na maboga matatu: mawili keshayatoboa macho na meno, la tatu zima. Siku moja mimi nimelala na mtoto, mama akavaa koti langu, akajitanda kanga juu yake, akatoka. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Aliniambia baadaye kwamba alimkuta bibi barazani, akalionyesha lile boga zima, akaonyesha kinywa chake, na bibi akacheka na kuitikia kwa kichwa mara nyingi. Kwa mama hiyo ni ruhusa. Kwa bibi, nadhani, ilikuwa tu "ndiyo, zuri, eeh?"

Nikaamshwa na harufu ya iliki na tui la kopo. Jikoni mama kasimama mbele ya sufuria, uso wa mtu aliyepunjwa sokoni.

"Onja."

Nikaonja. Maji na nyuzinyuzi. Alikuwa ameshaongeza sukari, akaongeza tui, akaliacha lichemke hadi nusu saa likauke, wapi. "Halina wanga hata chembe," akasema. "Hili walilipanda wapi, mtoni?" Mbegu tu ndizo zilizomridhisha, nene, nyeupe. Aliziosha akazianika kwenye gazeti juu ya hita. Nilikuja kujua kwamba haya ya ngazini huzalishwa yawe makubwa na yachongeke, mtu hatarajii kuyala. Wakati ule nilichojua ni aibu. Nikaenda kwa jirani kuomba radhi, na yeye akacheka mpaka akafuta macho. Mama, kwa upande wake, hakuona kosa liko wapi. Alimpakulia bibi bakuli lililojaa, kwa sababu boga lilikuwa lake.

Bakuli lilirudi baada ya wiki tatu. Limeoshwa linang'aa, na ndani hamna kitu. Hapo ndipo mama alipoumia kwelikweli. Bakuli la mtu halirudi tupu, hata limau moja basi, hata chumvi! Nikamweleza kwamba huku kulirudisha safi ndiyo adabu yenyewe. Akasema sawa. Ile sawa yake naijua.

Tangu hapo kila Oktoba ikifika nikawa nanuna. Watu wanasifu kahawa yenye ladha ya boga. Ile ya mikahawa ya Starbucks ilianza 2003, na mpaka 2015 haikuwa na boga lolote ndani. Harufu wanayoishangilia ni mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu, yaani chai ya viungo ya nyumbani iliyobadilishwa jina. Safari nayo tulimpeleka mama, barabara ya Kancamagus kule New Hampshire, milima yote nyekundu na manjano. Alitazama vizuri, akauliza kama miti ile imepigwa na ugonjwa, akalala mpaka tuliporudi.

Lakini huyo mtoto wa mwaka ule sasa anasoma, na anarudi na mambo. Ameniambia kwamba ile manjano haiji Oktoba. Imo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa na kijani, mti ukiacha kutengeneza kijani ndipo inaonekana. Nyekundu ndiyo inayotengenezwa upya, msimu huohuo. Nilikuwa nakatakata vitunguu, nikaacha kisu. Siku ya pili nimekwenda kazini kwa mguu, jambo nisilolifanya kamwe, nikitazama juu kama mgeni.

Basi nikiandika hivi naona nimeshajisaliti, maana kwenye ngazi yangu sasa hivi kuna boga. Ila lina masharti. Ni kabocha, boga la Kijapani, hiyo ina wanga, ukiipika na nazi inakaribia ya Muheza. Halitobolewi macho. Likikaa wiki mbili linaingia jikoni, linakuja jingine. Kama hiyo ni raha ya vuli yenu, nihesabuni, japo mimi naiita akiba iliyowekwa nje. Mabua sinunui. Hapo siyumbi. Mwaka jana mume wangu alileta fungu moja na sikulitupa, lakini hela haikuwa yangu.

Na zile mbegu. Mama alizifunga kwenye pindo la kanga akaondoka nazo, akazipanda nyuma ya nyumba. Nilimpigia juzi, vuli kwao imeanza vizuri mwaka huu, nikamuuliza kama bado anazipanda. Anazipanda. Boga lenyewe, anasema, mpaka leo ni maji matupu. "Lakini mwambie yule bibi, majani yake ni mboga nzuri sana."