Mpira wa kamera ya tumbo: umeoshwa, je, umepimwa?

Mwanangu, daktari ameniandikia kipimo cha kumeza mpira wenye kamera kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Nasikia mpira huo huo wanauingiza kwa kila mtu. Ni kweli? (Mama, Tabata)

Shikamoo mama. Ni kweli, na ndivyo ilivyo karibu kila mahali duniani, si hapa Dar tu. Mpira ule ni ghali, na mingi haistahimili mvuke wa moto unaotakasa mikasi ya upasuaji. Kwa hiyo unaoshwa kwa mkono, nje na ndani, kisha unalowekwa kwenye dawa kali ya kuua vimelea. Hatua zote zikifuatwa, uwezekano wa kuambukizwa ni mdogo sana. Tafadhali usiahirishe kipimo. Kidonda kinachovuja damu bila kujulikana kinanitisha zaidi.

Dada, mimi ni nesi hapa Temeke. Mpira tunauosha, tunauloweka kwenye dawa kwa dakika zilizoandikwa kwenye dumu. Sasa msimamizi anataka tupime usafi kwa kijiti kabla ya kuloweka. Si kupoteza muda, na foleni yote ile?

Hapana sista, na huyo msimamizi muungeni mkono. Dawa haipenyi uchafu. Damu na ute vikibaki, vimelea hujificha chini yake, na glutaraldehidi, mojawapo ya dawa hizo za kulowekea, ndiyo hugandisha protini kwenye kuta za tundu, mpaka brashi ya kesho ishindwe kuitoa. Nje ya mpira mnapaona. Tatizo liko kwenye tundu la ndani, lenye upana wa milimita 3 hivi na urefu unaopita mita moja. Jicho litaingilia wapi?

Ndiyo maana ya kile kijiti. Mpira ukishaoshwa na kusuuzwa, mnapitisha kijiti tunduni, au mnasukuma maji safi na kuyakinga upande wa pili. Kinachotafutwa ni ATP, kemikali iliyomo katika seli hai zote, za binadamu na za bakteria. Kijiti kina kimeng'enya cha aina ile ile inayomfanya kimulimuli awake usiku. Kikikutana na ATP hutoa mwanga, mashine inausoma kwa sekunde chache na kuwapa namba. Kwenye baadhi ya mashine kikomo cha mipira hii ni 200, lakini fuateni cha mashine yenu, maana namba za kampuni moja hazilingani na za nyingine. Ikizidi, mnaosha upya hapo hapo, kabla ya dawa. Kama mashine haipo, kuna vijiti vya bei nafuu zaidi vinavyobadilika rangi vikigusa protini au damu.

Mimi nikisimama karibu na sinki, naangalia brashi. Itokeze upande wa pili, isafishwe, ndipo irudishwe, tena na tena mpaka itoke haina doa. Wengi huivuta ikiwa na uchafu wake na kuurudisha ndani. Naangalia na saa: mpira ufutwe na ufyonze maji ya sabuni pale pale kitandani kwa mgonjwa, na uoshaji kamili uanze ndani ya saa moja. Uchafu ukikauka mle, namba haitashuka kirahisi.

Namba ikiwa chini, basi hakuna vimelea? (Mwanafunzi wa maabara, Upanga)

La. Virusi havina ATP yao wenyewe, kwa hiyo mashine haiwaoni. Kijiti kinapima uoshaji tu. Kujua kama bakteria wamebaki baada ya dawa, lazima sampuli ioteshwe maabara, na majibu huchukua siku. Mwaka 2015 hospitali ya UCLA, Los Angeles, ilitangaza wagonjwa 7 walioambukizwa bakteria sugu kupitia mipira ya kuchunguzia njia ya nyongo, na 2 kati yao walifariki. Hospitali ilisema ilifuata maelekezo ya mtengenezaji. Mpira ule una kidude kinachoinuka kwenye ncha, na nyuma yake uchafu hujibanza. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliripoti kuwa hadi asilimia 5.4 ya sampuli za mipira hiyo zilikutwa na bakteria hatari.

Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Yanafaa kusuuzia? (Kigamboni)

Kwa msuuzo wa mwisho, baada ya dawa, hapana. Tumieni maji yaliyochujwa kwa chujio la kuzuia bakteria, au yaliyotakaswa. Kisha pitisheni spiriti ya asilimia 70 na upepo wa pampu kwa dakika zisizopungua 10, na mpira uning'inizwe. Ukiwekwa na unyevu usiku kucha, bakteria wa maji waitwao Pseudomonas huzaliana.

Mgonjwa anaruhusiwa kuuliza haya yote?

Anaruhusiwa. Uliza mpira utakaotumika una namba gani ya utambulisho, na kama daftari linaonyesha nani aliuosha na lini. Kitengo kinachofanya kazi vizuri kinakujibu papo hapo. Usipojibiwa, omba kuonana na msimamizi wa zamu kabla hujapanda kitandani.