Yule kulungu ni Frida mwenyewe

Dada wa Mafinga, umeuliza kama yule kulungu mwenye uso wa Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, kwenye mchoro wake ni mambo ya kichawi. Wala! Ni yeye mwenyewe. Alimchora 1946, mwaka aliofanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo kule New York. Mwili ulishaharibika tangu ajali ya basi ya 1925. Hesabu mishale iliyomchoma huyo kulungu: tisa, damu inachuruzika, ila uso mkavu, chozi hamna. Hapo ndipo paliponishika mimi. Na alifuga kulungu nyumbani, jina lake Granizo, kwa hiyo hakwenda mbali kutafuta alama. Michoro ya mwamba wa Igeleke hapa Iringa nayo ina wanyama na watu, lakini wachoraji hawakutuachia maelezo, tusiwasemee. Ukija mjini kaione, ni karibu tu.