Maswali ya wasomaji: Ukaguzi stesheni unaishia wapi?

Tangu treni za SGR, yaani reli mpya ya kisasa, zianze kubeba abiria katikati ya 2024 barua za kuhusu ukaguzi zimeongezeka sana kwenye safu hii, na huku kwetu Kaskazini watu wanauliza zaidi maana tuna treni yetu ya Arusha kwenda Dar iliyorudi 2020 na wengi walizoea kupanda na ndizi zao na kuku bila kuulizwa kitu. Leo nimechagua barua chache zinazogusa jambo moja.

*Dada shikamoo. Mi ni mama naishi Majengo, Moshi. Juzi kati nilisafiri kwa treni, stesheni siitaji. Begi lilishapita kwenye mashine na hakuna aliyesema kitu, afu kijana wa sekyuriti akaniita pembeni, sio pembeni kihivyo maana foleni yote ilikuwa inaona, akafungua begi akaanza kutoa kimoja kimoja, nguo za ndani, pedi, mwisho akatoa kopo la dawa akalisoma kwa sauti, "hizi za nini?" Watu wakanigeukia. Nilishindwa hata kujibu. Ana haki hiyo?*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, barua yako nimeisoma nikakaa nayo.

Kukagua begi ana haki, tusidanganyane. Mtu anayeendesha treni anabeba roho za watu na anaruhusiwa kujua kama kuna silaha au petroli ndani ya behewa. Lakini haki yake inaishia hapo hapo kwenye silaha na petroli. Dawa zako sio bomu, na akishaona ni vidonge kazi yake imeisha, kusoma jina la dawa mbele za watu hakumlindi abiria hata mmoja. Katiba yetu ibara ya 16 inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake na maisha yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka habari za afya ya mtu kwenye kundi la taarifa nyeti kabisa. Na kwenye upekuzi wa polisi sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inasema mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake tena kwa staha. Huyo kijana sio polisi sawa, lakini kama polisi mwenyewe amefungwa na staha mlinzi wa getini atakuwaje huru zaidi?

Siku nyingine ukiitwa sema kwa upole kabisa, "naomba nikaguliwe na dada, na naomba faragha." Sema kwa sauti inayosikika. Wengi wao wakisikia hivyo wanajirekebisha wenyewe. Na kwa hili lililopita andika barua kwa meneja wa stesheni, taja tarehe, saa, na mlango uliopitia, jina la kijana kama hulijui sio shida maana wao wana orodha ya zamu.

*Dada mambo vipi. Mimi ni kijana wa Ngaramtoni, Mwarusha. Nilikuwa nimevaa shuka kama kawaida yangu, nina fimbo na sime. Sime wakachukua sikubishana. Ila jamaa akasema "nyie Wamasai ndo kazi yenu" akanivulisha viatu mimi tu, mbele yangu na nyuma yangu watu wanapita na viatu vyao. Kingine alipiga picha kitambulisho changu cha NIDA kwa simu yake ya mkononi. Hii imekaaje?*

Poa kaka. Hapo kuna vitu viwili na vyote vimekaa vibaya.

Sime ni chuma chenye makali, kuichukua sio kosa, ila walitakiwa kukupa risiti na kukurudishia unaposhuka, sime ya mtu mara nyingi ni ya baba yake au babu yake sio ya kutupwa kwenye ndoo. Sasa hilo la viatu ndilo linaloniuma. Kama wote wanavua, vua. Kama hakuna anayevua isipokuwa mwenye shuka, huo sio ukaguzi, ni ubaguzi, na Katiba ibara ya 13 imeukataza.

Kuna mfano wa New York naupenda. London ilipopigwa mabomu kwenye treni za chini ya ardhi na basi Julai 2005 wakafa watu 52, New York nao wakaanza kukagua mabegi kwenye treni zao za mjini mwezi huo huo. Wananchi wakaenda mahakamani wakisema uhuru wetu unaliwa. Wakashindwa, mahakama ya rufaa 2006 ikakubali ukaguzi uendelee, lakini angalia sababu zilizofanya ukubalike: polisi hawachagui sura, wanahesabu, labda kila mtu wa tano au wa kumi, yeyote atakayeangukia. Wanafungua sehemu inayoweza kubeba mlipuko tu, hawasomi karatasi zako wala hawakuhoji mambo yako binafsi. Na asiyetaka kukaguliwa anageuka anaondoka zake, ila hapandi. Hesabu haijui kabila. Mlinzi akiwa na hesabu mkononi hawezi kukuambia "nyie Wamasai".

Kuhusu picha ya NIDA, kataa. Kuonyesha kitambulisho kilingane na jina la kwenye tiketi ni sawa, lakini simu binafsi ya mlinzi leo iko naye kesho imeibiwa sokoni Kilombero, na namba yako ya NIDA ndiyo uliyosajilia laini na huenda hata akaunti ya benki. Ile sheria ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na ina tume yake, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, malalamiko yanapokelewa. Muulize tu, "hii picha inaenda wapi na nani ataifuta?" Kama hana jibu hakutakiwa kupiga.

*Mhariri, salaam. Mimi ni mzee mstaafu wa Soweto, Moshi. Nasoma malalamiko yenu nasikitika. Dunia imeharibika. Asiye na cha kuficha anaogopa nini? Wakague mpaka soksi.*

Shikamoo mzee wangu. Hofu yako naielewa na ina msingi. Madrid tarehe 11 Machi 2004 mabomu yaliwekwa kwenye mabegi ndani ya treni za asubuhi za watu wanaokwenda kazini, wakafa 193. Hakuna anayetaka hilo lije huku.

Lakini mzee ngoja tuangalie treni yenyewe ilivyo, sio ndege hii. Ndege ikishafunga mlango imefunga. Treni yetu ukishakagua watu wote Arusha mpaka soksi, inasimama Moshi, inasimama Same, Mombo, Korogwe, na kila mahali watu wanapanda. Na adui sio lazima akate tiketi, Nigeria Machi 2022 treni ya Abuja kwenda Kaduna ilishambuliwa njiani, walitega mlipuko kwenye reli, wakaua na kuteka abiria makumi, na mashine ya getini isingesaidia kitu pale. Doria ya reli na wanakijiji wanaotoa taarifa vingesaidia zaidi kuliko kuvua soksi.

Wakenya kwenye SGR yao mizigo inapangwa chini mstari mmoja, abiria wanasogea nyuma, mbwa anapita ananusa begi moja baada ya jingine. Mbwa hajali dawa za nani wala shuka ya nani. Ukaguzi huo mimi nauunga mkono kwa mikono miwili, ni wa sisi sote na unatafuta hatari.

Na hilo la kuficha mzee wangu, yule mama wa Majengo alikuwa na cha kuficha, ugonjwa wake. Ana haki ya kuuficha. Hata wewe karatasi zako za hospitali usingependa zisomwe pale stendi.

*Nikikataa kukaguliwa watanikamata? – Mwanafunzi, Sakina*

Watakuzuia kupanda, hilo tegemea, na mimi naona wana haki. Marekani kwenye treni za Amtrak walipoanza kukagua mabegi kwa bahati nasibu 2008 utaratibu ukawa ukikataa hupandi, unarudishiwa nauli yako, basi. Na sisi tungetaka hivyo iandikwe kwenye tiketi. Mlinzi wa kampuni asikushike mwili kwa nguvu, akiona kuna shida aite polisi, na polisi naye muulize kwa heshima anakushuku kwa kosa gani. Simu yako usifungue kwa sababu tu mtu wa getini kasema fungua, mashine imeshaiona kuwa ni simu, picha zako na meseji zako sio mzigo wa treni.