Maswali ya Wasomaji: Jamestown Mbili, Fuvu la Jane na Jiwe la Plymouth

SWALI: Ninafundisha darasa la Kiswahili la Jumamosi mjini Richmond, Virginia. Wanafunzi wangu wana umri wa miaka 11 hadi 14, na wengi ni watoto wa familia zilizotoka Kongo, Kenya na Tanzania. Tunakusudia kuwapeleka kwa siku moja kuona mahali koloni la Waingereza lilipoanzia, lakini kwenye ramani naona Jamestown mbili, na Williamsburg iko karibu. Tuanzie wapi, na je, kuna lolote huko linalowahusu watoto hawa?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, ramani yako haina kosa. Jamestown ni mbili kweli, na mimi mwenyewe niliwahi kuumbuka kwa sababu hiyo. Safari yangu ya kwanza niliwashusha wanafunzi kwenye makumbusho yenye mifano ya merikebu tatu za mwaka 1607, yaani Susan Constant, Godspeed na Discovery. Watoto wakapanda, wakashika kamba, nami nikawatangazia kwa kujiamini kwamba hapo ndipo walowezi waliposhukia, mpaka mhudumu mmoja aliponisahihisha kwa upole, mbele ya darasa zima, kwamba hayo ni makumbusho tu, na Jamestown yenyewe, kisiwa walichoshukia walowezi, iko mbele kidogo.

Anzieni kisiwani, tena asubuhi, ingawa ya kutazama si mengi: mnara wa kanisa wa matofali, boma la miti lililosimamishwa upya, na mashimo ya wachimbaji. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba ngome ya kwanza, iliyojengwa na wanaume na wavulana 104, ilikwisha kumezwa na mto James. Mwaka 1994 mwanaakiolojia William Kelso alianza kuchimba, naye hakukuta ukuta bali safu ya madoa meusi udongoni, kwa kuwa magogo yaliyosimikwa mwaka 1607 yalikuwa yameoza na kuacha rangi yao ardhini. Madoa hayo ndiyo yaliyoonyesha umbo la ngome nzima, ambayo ilikuwa ya pembe tatu. Mtoto aliyewahi kuona nguzo ya nyumba ya udongo iking'olewa kijijini, shimo likabaki na rangi yake, atalielewa jambo hili kabla mwongozaji hajamaliza kulieleza. Wape nafasi ya kuzungumza na wachimbaji, ambao mara nyingi huwa kazini na hupenda kuulizwa.

Ama linalowahusu, nalo lipo hapo hapo. Mwishoni mwa Agosti 1619 merikebu White Lion ilifika Point Comfort, katika mji unaoitwa leo Hampton, ikiwa na Waafrika ishirini na kitu walioporwa kutoka chombo cha Wareno kilichotoka Luanda. Siku chache baadaye ikafuata merikebu nyingine, Treasurer. Katika orodha ya wakazi iliyoandikwa mwaka 1625 ametajwa mwanamke mmoja Mwafrika, ambaye leo tunamwita Angela, kwamba alikuja na Treasurer na kwamba anaishi katika nyumba ya Kapteni William Pierce. Ni mstari mmoja tu. Kiwanja cha nyumba hiyo kimechimbwa, nawe unaweza kusimama na darasa lako kando yake ukausoma mstari huo kwa sauti.

Wengi wa waliotekwa siku zile walitoka ufalme wa Ndongo, katika Angola ya leo, nchi ya wasemaji wa Kimbundu, ambayo ni lugha ya Kibantu kama yetu. Wiki moja kabla ya safari, andika ubaoni maneno mutu, tatu na tanu bila kusema yametoka wapi, uwaache watoto wakuambie maana zake. Jihadhari tu usiwape dhana kwamba Angela alikuwa mtu wa pwani yetu, maana hakuwa. Unaloweza kuwaambia kwa haki ni kwamba Wareno waliokuwa wakisafirisha watu kutoka Luanda ndio hao hao waliokuwa wamekaa Mombasa, katika Fort Jesus, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593, miaka 14 kabla ya Jamestown.

Merikebu zifuate baada ya chakula cha mchana. Williamsburg iacheni kwa siku nyingine, kwani ilikuwa makao makuu ya Virginia kuanzia 1699 hadi 1780 na hadithi yake ni ya karne iliyofuata. Chukueni dawa ya mbu, kwa sababu kisiwa ni kinamasi hadi leo.

SWALI: Binti yangu wa miaka 10 atakwenda Jamestown na shule yake. Nimesikia kuna fuvu la msichana aliyeliwa na wenzake. Nimzuie?

JIBU: Usimzuie, ila asilikute bila kuambiwa. Katika majira ya baridi ya 1609 hadi 1610 njaa iliua sehemu kubwa ya wakazi wa ngome, na mwaka 2012 wachimbaji walipata, ndani ya chumba cha chini kilichogeuzwa jaa, vipande vya fuvu la msichana Mwingereza wa miaka 14 hivi, vyenye alama za kukatwa. Wataalamu wamempa jina la Jane. Fuvu limewekwa kwa heshima kwenye makumbusho ya kisiwani, na mtoto asiyetaka kulitazama anaweza kulipita. Mweleze nyumbani, kwa maneno machache, kwamba msichana huyo alikuwa amekwisha kufa ndipo watu wenye njaa wakamkata.

SWALI: Tunaishi karibu na Boston. Shule imewataka watoto wavae taji za manyoya kabla ya ziara ya Plymouth. Mimi sikupendezwa. Je, nina haki?

JIBU: Unayo, ndugu yangu. Taji zile kubwa ni za mataifa ya nyanda za mbali huko magharibi, wala hazikuwa vazi la Wawampanoag, wenyeji wa Plymouth. Walowezi wa Kiingereza waliofika na merikebu Mayflower mwaka 1620 walijenga mahali palipokuwa kijiji cha Patuxet, ambacho watu wake walikuwa wamefutwa na maradhi miaka michache kabla. Tisquantum, mzaliwa wa kijiji hicho, alitekwa nyara na kupelekwa Ulaya mwaka 1614, na aliporudi mwaka 1619 alikuta hakuna mtu.

Jiwe maarufu la Plymouth msilipe zaidi ya dakika tano. Ni dogo kuliko sifa zake, na aliyelitaja kuwa ndipo walowezi hao walipokanyaga alifanya hivyo mwaka 1741, zaidi ya miaka mia moja baadaye. Muda wenu uelekezeni kwenye makumbusho ya Plimoth Patuxet. Kwenye kijiji cha Waingereza, wahudumu huigiza watu wa karne ya 17 na hujifanya hawajui lolote la leo; upande wa Wawampanoag, wahudumu hawaigizi, bali huzungumza kama watu wa sasa kuhusu mababu zao na kuhusu maisha yao wenyewe. Mweleze mwanao tofauti hiyo mlangoni, asije akamwuliza mama aliyevaa ngozi ya paa kama amewahi kuona gari, ilhali mama huyo asubuhi ile amefika kazini akiendesha la kwake.