Uliza kiwango cha mabaki kabla mkulima hajapulizia

Wasafirishaji wengi wa Dar wanaopeleka mboga, maparachichi na viungo nje huamini kwamba ukishapata cheti cha afya ya mimea, mambo yamekwisha. Cheti hicho kinahusu wadudu na magonjwa ya mimea. Kuhusu mabaki ya viuatilifu hakisemi lolote, na mabaki ndiyo yanayoweza kuufanya mzigo uteketezwe ukiwa umeshalipiwa ndege.

Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu usalama wa chakula na afya ya mimea, ulioanza 1995, unazihimiza nchi zifuate viwango vya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ila unaziruhusu kuweka vikali zaidi zikiwa na sababu za kisayansi. Kwa hiyo mzigo unaopita Codex unaweza kukwama Ulaya. Huko, kiuatilifu kisichopangiwa kiwango chake hupewa kikomo cha miligramu 0.01 kwa kilo, yaani gramu moja ndani ya tani 100.

Kwenye duka la viuatilifu soma kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayofanya kazi, siyo jina la biashara. Chupa mbili zenye majina tofauti huweza kuwa sumu ileile. Kisha tafuta kiambato hicho na zao lako kwenye hifadhidata ya Umoja wa Ulaya mtandaoni, ni bure. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo huendana na kipimo cha lebo. Ikisema mililita 20 kwa bomba la lita 20 na mkulima akatia 40, siku hizo usizitegemee tena. Bomba lililotoka kwenye nyanya lioshwe mara tatu, pamoja na mpira na nozeli, kabla ya kuingia kwenye maharage machanga; kwa kikomo cha 0.01, masalia ya bombani yanatosha kukuangusha. Pilipili ya kukausha iangalie zaidi: maji yanaondoka, sumu inabaki, na kiasi chake kwa kilo kinapanda.

Sampuli ichukuliwe shambani siku chache kabla ya kuvuna, ili majibu yakiwa mabaya uweze kusubiri. Maharage machanga yanatosha kilo moja, yachumwe sehemu mbalimbali za shamba. Parachichi linalozidi gramu 250 linahitaji matunda yasiyopungua matano, jumla kilo mbili. Usioshe, usikate, na tumia mfuko mpya.

Maabara iwe na ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, na kabla ya kulipa omba orodha ya viambato inavyopima. Hapa wengi wanaponzwa: mankozebu, dawa ya ukungu inayopuliziwa sana kwenye nyanya, haionekani kwenye kipimo cha pamoja cha viambato vingi. Ina kipimo chake peke yake, na usipokiomba hakifanywi. Karatasi itaandika “haikuonekana” kwa vitu vingine vyote, nawe utasafirisha ukiwa na moyo mweupe.

Mzigo ukizidi kiwango, usiuchanganye na ulio safi ili kupunguza wastani. Sheria ya Ulaya inakataza hilo moja kwa moja.