Mama anasubiri mionzi, kwa nini aongezewe damu kwanza?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana saratani ya shingo ya kizazi. Siku ya kuanza mionzi alipimwa damu, tukaambiwa ni pungufu, aongezewe kwanza. Nyumbani tunaona anacheleweshwa tu. Damu na mionzi vinahusiana vipi? (Binti, Mpwapwa)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Hacheleweshwi bure. Mionzi hukata vinasaba vya seli ya saratani, na oksijeni ndiyo inayofanya mkato huo uwe mgumu kuungika. Seli iliyokosa kabisa oksijeni huhitaji dozi kubwa mara 2 hadi 3 ili ife. Na oksijeni hubebwa na damu.

Seli hiyo hubana matumizi kama kaya ya Ugogo mwaka wa ukame: hupunguza kutengeneza protini nyingi, ila zile za kuiokoa haiachi kuzitengeneza. Mojawapo, HIF-1, huamsha utengenezaji wa protini inayoita mishipa mipya ya damu. Mionzi nayo huweza kuichochea HIF-1. Wanasayansi Kaelin, Ratcliffe na Semenza walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2019 kwa kufumbua jinsi seli inavyohisi oksijeni. Kazi hiyo naiheshimu mno.

Mlenda na dagaa mpeni, lakini haviinui damu kwa haraka. Ndugu wajitokeze kuchangia. Kama mama anavuta sigara aache leo, maana moshi hupora nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mwombe muuguzi akuandikie kiwango chake cha himoglobini, yaani kibeba oksijeni ndani ya damu, na kila akipimwa tena uulize kimefika wapi.